Mwanafunzi kaniuliza "hiyo sifuri umeitoa wapi?" nikabaki na chaki mkononi (sehemu kuwa desimali)

Mwl_Chaki

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hisabati watoto wa miaka 11 na 12. Leo tulikuwa kwenye kubadili sehemu kuwa desimali kwa kugawanya kwa njia ndefu. Nikaandika 3/4 ubaoni na kuimba ule wimbo niliofundishwa mimi mwenyewe: nne kwenye tatu haiingii, andika sifuri, weka nukta, ongeza sifuri kwenye tatu iwe thelathini, nne kwenye thelathini mara saba, inabaki mbili, ongeza sifuri iwe ishirini, mara tano, kwisha. 0.75. Darasa zima linaitikia, raha tupu.

Kuna binti anakaa nyuma kabisa, si msemaji. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo sifuri umeitoa wapi? Tatu si thelathini."

Nikamjibu kwamba tunaongeza kwa sababu tumeshaweka nukta. Hakuridhika. "Mwaka jana ulisema baki likiwa dogo kuliko namba ya kugawia, tunaacha hapo hapo tunaandika baki. Mbona leo hatuachi?"

Nilisimama pale kama nimepigwa na radi. Nikasema tutaendelea kesho, nikakusanya madaftari. Na kwenye madaftari ndiyo nikakuta balaa lenyewe:

3/8 = 2.66
7/4 = 1.3
3/40 = 0.75
2/3 = 0.66 baki 2

Hao wote wameimba wimbo vizuri. Kesho naingia tena darasani saa tatu. Naombeni mnisaidie, nimwambie nini huyu mtoto?

---

Kalamu_Nyekundu

Mwalimu, kwanza huyo binti mshukuru. Ameona kitu ambacho wengi wetu tulifundisha miaka bila kukiona.

Acha kabisa neno "ongeza sifuri". Hakuna sifuri inayoongezwa. Ni kuchenji tu. Ukipeleka noti moja ukarudishiwa noti ndogo kumi, hela yako haijaongezeka hata senti, ila sasa unaweza kuigawa kwa watu.

Una mamoja 3, watu 4. Mamoja mazima hayatoshi, kila mtu anapata 0. Basi kila moja likate vipande kumi. Unavyo vipande 30, lakini angalia jina lake: si thelathini ile ya kuhesabu, ni *sehemu za kumi* thelathini. Gawa kwa 4: kila mtu 7, baki 2. Hizo 2 ni 2 za nini? Sehemu za kumi. Zichenji tena, kila moja itoe kumi: sehemu za mia 20. Kila mtu 5, hakuna baki. Kila mtu ameondoka na sehemu za kumi 7 na sehemu za mia 5. Ndiyo 0.75 hiyo.

Na swali lake la mwaka jana lina jibu la haki kabisa. Mwaka jana mliacha kwa sababu hamkuwa na kitu kidogo kuliko moja. Sasa mnacho. Sheria haikubadilika, mfuko ndio umepata chenji.

---

Tarakimu_Tupu

Sisi tulikariri hivyo hivyo "ongeza sifuri" na mitihani tukafaulu. Msiwachanganye watoto na falsafa.

---

Kalamu_Nyekundu

Mkuu, tazama 7/4 = 1.3 hapo juu halafu uniambie kukariri kumemsaidia nini. Mtoto kapata 1 baki 3. Anajua baki linaandikwa baada ya jibu, anajua leo ni siku ya nukta, basi kaweka nukta. Kwake .3 ni "baki tatu". Angejua kwamba baki hilo ni mamoja 3 ambayo bado yanangoja kugawiwa watu 4, asingeandika kwamba kila mtu kapata sehemu za kumi tatu. Wewe hukukosea kwa sababu ulikariri vizuri. Yeye kakariri nusu, na aliyekariri nusu hana pa kurudi.

---

Mama_Pacha

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Nina mapacha wako hapo hapo kwenye desimali. Mmoja hana shida. Wa pili anajua hatua zote lakini sifuri zinamkimbia. Hilo la 3/40 kuwa 0.75 ni lake kabisa, kama mmemchungulia daftari. Namwambia "umesahau sifuri", anaweka, ila kesho yake anasahau tena. Nifanyeje?

---

Mwl_Chaki

Mama, hata mimi nangoja jibu la hili, maana wangu kumi na moja wamekosa hiyo moja tu.

---

Fundi_Sehemu

Mama Pacha, hasahau. Hajui kwamba kuna mahali palitakiwa kujazwa. Kwenye wimbo tunawafundisha "3 haitoshi, 30 haitoshi, 300 ndiyo inatosha, mara 7". Mtoto anaandika jibu la kwanza analolipata, yaani 7. Zile "haitoshi" anadhani ni maneno tu ya njiani.

Mwambie kila ukichenji lazima uandike jibu, hata kama ni "hakuna". Mkalishe aandike hivi, kwa majina:

mamoja 3 kwa 40: kila mtu 0
sehemu za kumi 30 kwa 40: kila mtu 0
sehemu za mia 300 kwa 40: kila mtu 7, baki 20
sehemu za elfu 200 kwa 40: kila mtu 5, baki 0

Soma majibu kutoka juu kwenda chini: 0, kisha nukta, 0, 7, 5. Ni 0.075. Afanye tano au sita kwa majina yote, ndipo umruhusu kuyaacha majina na kurudi kwenye ile ngazi ya kawaida. Karatasi iwe ya vyumba, tarakimu moja chumba kimoja. Nusu ya makosa ya sifuri ninayosahihisha ni mwandiko uliolalia upande.

Hii ni 5/8 ikikaa vizuri:

```
    0.625
    -----
8 | 5.000
    4 8
    ---
      20
      16
      --
       40
       40
       --
        0
```

Angalia 48 ilivyokaa: 8 yake iko chini ya nafasi ya sehemu za kumi, kwa sababu ni sehemu za kumi 48. Mtoto akiisogeza chumba kimoja tu, jibu lote linahama.

Na kabla hajagusa kalamu muulize: 3/40 inazidi 1/10 au haifiki? 1/10 ni 4/40. Kwa hiyo 3/40 haifiki, na jibu halina budi kuanza na 0.0. Akipata 0.75 atajishuku mwenyewe bila wewe kufungua mdomo.

---

Mama_Pacha

Nimefanya naye sasa hivi. Ya kwanza kakosa, ya pili na ya tatu kapata. 1/16 kaitoa 0.0625 peke yake, halafu akamwita mwenzake aje kutazama. Mungu akubariki.

---

Msomaji_Kimya

Kuhusu ile 3/8 = 2.66. Mimi nadhani hapo lugha yetu ya darasani ndiyo inayowapoteza. Mwalimu anasema "gawa tatu kwa nane". Pumzi hiyo hiyo anasema "nane kwenye tatu inaingia mara ngapi". Huku tatu imetangulia, kule nane imetangulia. Mtoto aliyeambiwa tangu madarasa ya chini kwamba huwezi kugawa namba ndogo kwa kubwa anachagua anayoiona inawezekana, anagawa 8 kwa 3.

Kwangu nimefuta "inaingia mara ngapi" kwenye somo hili. Nauliza "kila mtu anapata ngapi?" tu. Kiasi, yaani namba ya juu, ndicho kitu kinachogawiwa. Asili, ya chini, ndiyo idadi ya watu. Hata kitu kikiwa kidogo na watu wengi, kugawa kunawezekana, ila kila mtu anapata chini ya moja.

---

Kalamu_Nyekundu

Hilo sijawahi kulifikiria, na nimefundisha muda mrefu. Naliiba.

Niongeze la lugha pia. Msiwaache wasome 0.75 "sifuri nukta sabini na tano". Ni sifuri nukta saba tano. Anayesoma "mia moja ishirini na tano" kwenye 0.125 atakuapia kwamba inaizidi 0.5, kwa kuwa 125 inaizidi 5.

---

Njia_Mkato

Kwani lazima njia ndefu? 3/4 zidisha juu na chini kwa 25, unapata 75/100, jibu 0.75. 3/8 zidisha kwa 125, unapata 375/1000, jibu 0.375. Mstari mmoja. Ngazi zote hizo za nini?

---

Fundi_Sehemu

Njia nzuri, mimi naianza hiyo kabla ya ngazi. Sasa nifanyie 2/3.

---

Njia_Mkato

Haya, umenikamata 😂 Lakini kwa nini 3 inakataa? Nimejaribu 10, 100, 1000, 10000, zote zinakataa.

---

Fundi_Sehemu

Kwa sababu 10 ni 9 na moja, 100 ni 99 na moja, 1000 ni 999 na moja. 9, 99, 999 zote zinagawanyika kwa 3, na ile moja inabaki pembeni kila mara. Hata ukiandika sifuri kutoka hapa hadi kesho, moja itabaki.

10 imejengwa na 2 na 5 tu. 100 ni 2×2×5×5, na kuendelea hivyo, hakuna namba tasa nyingine inayoingia. Kwa hiyo asili ikiwa imejengwa kwa 2 na 5 peke yake, desimali inakoma. Ikiwa na 3, au 7, au 11 ndani yake, haikomi, inajirudia. Ila *rahisisha kwanza*. 6/15 inaonekana ina 3 chini, lakini 3 hiyo inakatika na ya juu, inabaki 2/5, ambayo ni 0.4. Nimewahi kuwapa darasa swali hilo baada ya kuwafundisha kanuni, na wote wakaniandikia "haikomi" bila kugawanya. Kosa langu, nilitoa kanuni mapema mno.

Hata idadi ya tarakimu unaijua kabla ya kuanza. Hesabu 2 ngapi na 5 ngapi kwenye asili, chukua idadi kubwa. 80 ni 2×2×2×2×5: 2 zipo nne, 5 ipo moja, kwa hiyo 7/80 itakuwa na tarakimu nne baada ya nukta. 0.0875. Mwalimu anayetunga maswali usiku hii inamwokoa sana, anajua swali lipi litamaliza ubao.

---

Tarakimu_Tupu

Hapa sasa nimejifunza. Endeleeni.

---

Mwl_Chaki

Nimerudi wakuu. Leo yamenikuta mengine, ila ya heri.

Niliingia na vipande vitatu vya karatasi ndefu, vyote sawa. Nikaita watoto wanne mbele. Gawaneni. Wakatazamana. Mmoja akasema haiwezekani. Yule binti akasema tukate. Nikauliza tukate ngapi ngapi. Mwingine: "nne nne!" Nikasema sawa, inawezekana na ni haki, lakini leo mkasi wetu unajua kukata kumi kumi tu. Tukakata, wakahesabu thelathini, wakagawana saba saba, vikabaki viwili mezani. Nikawaacha kimya. Yule binti akachukua kile kipande akasema, "Na hiki nacho tukikate kumi." Vile vidogo vilikuwa kama ukucha, kimoja kikapotea chini ya dawati tukakitafuta wote. Mwisho kila mtu saba na vitano vidogo.

Nikarudi ubaoni na ile 3/4. Nilipofika kwenye thelathini nikamuuliza yeye: hii sifuri imetoka wapi? Akasema "haijatoka popote, tumekata". Sikuwa na la kuongeza.

Kisha tukafika kwenye 2/3 = 0.66 baki 2 ya yule kijana. Nilikuwa nimeshampiga X nyekundu kwenye daftari. Nikamwita aeleze. Nikauliza baki 2 la nini? Akafikiri. "Sehemu za mia." Wakuu, jibu lake si la kufuta kabisa! Kila mtu kapata 0.66, ambazo mara tatu ni 1.98, na mezani zimebaki 0.02, ndizo sehemu za mia mbili. Kilichokosekana ni jina tu. Akaendelea kuchenji, baki likarudi 2, tena 2, tena 2. Akasema mwenyewe "itaendelea hivi hivi kwa sababu kila mara naanza na kitu kile kile." Nimemrudishia alama yake.

Halafu nikafanya ujinga wa kuwapa 1/7 kipindi kikiwa kimebaki dakika kumi.

---

Kalamu_Nyekundu

😂😂 1/7 na dakika kumi. Pole.

---

Mwl_Chaki

Ubao uliisha. Niliwaambia wayazungushie duara mabaki, wasihangaike sana na jibu. Yakatoka 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1. Watatu wakapiga kelele pamoja: "Moja imerudi!" Tulianza na 1, ikarudi 1, basi kila kitu kinaanza upya. 0.142857142857...

Nikawauliza, ingeweza kuchukua muda mrefu zaidi kabla ya kurudi? Ukimya. Kisha mmoja akaanza kuhesabu mabaki kwa vidole: ukigawa kwa 7 baki linaweza kuwa 1, 2, 3, 4, 5 au 6, basi. Likiwa 0 tumemaliza. Kwa hiyo hatua ya saba haina baki jipya la kuchagua. Kengele ikalia na hawakutoka.

---

Fundi_Sehemu

Safi sana. Mpe huyo wa vidole 1/13. Atatarajia mzunguko wa tarakimu 12, atapata sita tu: 076923. Mabaki sita tu ndiyo yanayotokea. Idadi ya mabaki inakwambia mwisho uko wapi, haikuahidi kwamba utafika huko. Akitaka kuteseka zaidi ipo 1/17, hiyo inamaliza zote 16.

Na 142857 uikate katikati: 142 na 857. Jumlisha. 999. Ya 13 vilevile, 076 na 923.

---

Mama_Pacha

Swali moja. Kikokotoo changu kwenye 2/3 kinaandika 0.6666666667. Pacha wa pili anasema kwa hiyo inakoma na inaishia na saba. Anabisha sana.

---

Msomaji_Kimya

Mama, kioo chake kina nafasi chache, kwa hiyo tarakimu ya mwisho kinaikadiria. Inayofuata ni 6, imezidi nusu, ile ya mwisho inapandishwa kuwa 7. Mwambie azidishe kwa mkono 0.6666666667 mara 3. Atapata 2.0000000001. Watu watatu wamegawiwa zaidi ya kilichokuwepo mezani, aeleze ziada ilitoka wapi.

---

Mkongwe_Wa_Namba

Nimesoma uzi wote kimya kimya, nichomekee kidogo. Mnaposema watoto waandike majina ya nafasi, mnarudi kwenye njia ya zamani ya kuandika desimali. Mwaka 1585 Simon Stevin, mtu wa Flanders, alichapisha kijitabu cha kuwaonyesha watu wa kawaida hesabu za desimali, na hakutumia nukta. Kila tarakimu aliiwekea namba ndani ya duara: 0 kwa mamoja, 1 kwa sehemu za kumi, 2 kwa sehemu za mia. Desimali zenyewe zilikuwepo kabla yake, al-Kashi wa Samarkand alizitumia kwa ufundi mkubwa kwenye karne ya 15. Nukta imekuja kufupisha majina. Sisi tunawapa watoto ufupisho kabla hawajasikia kilichofupishwa.

---

Mwl_Chaki

Ahsante mkuu, hiyo ya duara naijaribu wiki ijayo.

Lakini kabla hamjafunga uzi. Yule binti kanifuata hadi mlangoni. Kasema: "Mwalimu, 1/3 haikomi kwa sababu mkasi unakata kumi kumi. Kama mkasi ungekuwa unakata tatu tatu, si ingekoma?" Nimemwambia nitamjibu Jumatatu. Yuko sahihi au?

---

Fundi_Sehemu

Yuko sahihi kabisa. Moja kata tatu, kila mtu kipande kimoja, kwisha, hakuna baki. Tarakimu moja tu baada ya nukta. Lakini Jumatatu usimpe jibu hilo. Mpe mkasi huo wa tatu tatu na umwambie agawe moja kwa watu wawili.

---

Mwl_Chaki

Nimekaa mezani nimeijaribu mwenyewe. Kata tatu, kila mtu 1, baki 1. Kata tatu, kila mtu 1, baki 1. Nusu! Nusu ndiyo haikomi!

Natafuta karatasi nyingine.